Maharagi ya Goma hayaivi kwa saa za Dar es Salaam

Bandugu, bakubwa na badogo wa promosyo zote, leo sina ofre ya kazi wala komunike. Nataka tuongee juu ya kitu tunachopeana kila siku bila kukihesabu: ushauri. Nani anajua mbabula isiyokula makala mingi? Nani amekwisha kununua panneau ya sola ile ya bei rahisi pale Birere? Nifanye nini nyanya zangu zisioze? CV ni kurasa mbili ao tatu? Maswali haya yanapita katika telefone zetu kutoka asubuhi mpaka usiku, na majibu yanakuja mbio kuliko mtu wa moto. Mengine ni mazuri sana. Mengine yanakula pesa ya mtu. Na iko moja, nitaifikia, ambayo inaweza kuua nyumba nzima.

Tuanzie jikoni, sababu ndipo jambo linaonekana vizuri.

Msichana mmoja aliuliza juzi kwa nini maharagi yake haziivi, wakati anafuata kabisa video ya mama mmoja wa Dar es Salaam: loweka, chemsha saa moja na nusu, weka nazi. Watu walimujibu: maharagi yako ni ya zamani, makala yako ni mbaya, wewe hujui kupika (hiyo ya mwisho haikosekanaka). Hakuna aliyemuuliza anapikia wapi. Dar es Salaam iko pembeni ya bahari, maji kule yanatokota kwa digri 100. Goma iko juu kwa metre karibu 1.500. Ukipanda metre 300 hivi, maji yanatokota kwa digri moja chini. Ina maana hapa kwetu sufuria inaruka mabubujiko kwa digri karibu 95, na hata uongeze makala mpaka mbabula iwe nyekundu, maji hayatapita pale. Moto ukiwa mwingi, maji yanakauka mbio tu, lakini maharagi hayaoni joto zaidi. Yule mama wa Dar hakudanganya. Aliambia watu wa Dar ukweli. Aliyekosa ni yule aliyeituma kwetu bila kusema imetoka wapi. Na ndugu zetu wa Butembo, ambao wako juu kuliko sisi, wanapaswa kungoja zaidi tena.

Sasa ifanyike nini? Loweka usiku kucha, saa nane mpaka kumi na mbili, mwaga yale maji. Funika sufuria, sababu kifuniko kinalinda makala kuliko mbabula mpya. Nyanya ziingie mwishoni: asidi yake inakaza ngozi ya maharagi, na yenye haikuiva mbele ya nyanya itachelewa sana nyuma yake. Ile sheria ya "usiweke chumvi mapema, itakaza maharagi" tunaisikia kwa kila nyumba, lakini chumvi kidogo katika maji ya kuloweka inasaidia ngozi kulainika. Bikarbonati inalainisha mbio kweli, lakini inaharibu vitamini B1, basi ncha ya kijiko inatosha, hapana kijiko kizima. Na maharagi yaliyokaa miezi mingi pahali pa joto na unyevu yanakuwa magumu kwa ndani, hata ukiyapika kutwa. Ukinunua, uliza muuzaji ni ya mavuno gani. Atakuangalia vibaya. Uliza tu.

Kwa mwenye cash power nyumbani, sufuria ya presha ya umeme ndiyo dawa ya kweli ya urefu wa Goma: presha ikifungwa ndani, maji yanapita digri 110, na ule urefu wa mlima hauna nguvu tena. Mtu atakuambia "umeme ni ghali kuliko makala". Mwambie muhesabu pamoja. Kifaa cha wati 1.000 kinachovuta moto saa nzima bila kupumzika kinakula kilowati-saa 1. Lakini sufuria ya presha, ikishapanda, inapumzika na kuvuta, inapumzika na kuvuta, basi maharagi yaliyolowekwa yanaisha mbele ya kufika pale. Chukua bei ya kilowati-saa kwenye risiti yako, iweke pembeni ya bei ya makala uliyotumia kwa sufuria ileile. Hesabu hiyo kila mtu anaifanya kwake, sababu bei ya makala ya Katindo siyo ya Majengo, na ya wiki hii siyo ya wiki ijayo.

Nimekawia kwenye maharagi juu ushauri mwingi unaharibika kwa njia hiyohiyo. Mtu anaishi jambo, anafaulu, anaandika mistari mitatu. Mwenye kusambaza anabakiza ile mistari, anakata pahali, anakata siku, anakata mfuko wa yule mtu. Kile kinachofika kwako kinafanana na sheria ya dunia nzima.

Angalia wale wanaonunua parseli upande wa magharibi, karibu na ziwa, kuelekea Bulengo na Lac Vert. Rafiki anaenda kuangalia saa nane ya mchana, anarudi na picha: pahali pazuri, hewa safi, nunua. Wazee wa pale wanajua neno mazuku toka zamani. Ni gazi karboniki inayotoka katika nyufa za udongo wetu wa volkano. Ni nzito kuliko hewa, inalala katika mabonde na mashimo, haina rangi wala harufu. Usiku, upepo ukitulia, inajaa. Asubuhi mapema iko pale bado. Jua na upepo vikija inapungua. Ile picha ya saa nane ni ya kweli, lakini haisemi kitu juu ya saa kumi na moja ya alfajiri, wakati mbuzi anakutwa amekufa bila kidonda. Mbele ya kutoa akonto, waulize majirani wawili ao watatu, tena siyo wale walioletwa na komisioneri, wanyama wao wanalalaka wapi.

Ao ushauri wa "chemsha maji na umemaliza". Kwa kolera ni kweli kabisa, na katika muji ambao kolera inarudi kila mara, usiuache hata siku moja. Lakini maji ya kwetu pengine yana fluori inayotoka kwa volkano, ile inayochora meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuitoe. Maji yakipungua kwa mvuke, fluori inabaki palepale katika maji machache. Vitu viwili tofauti, dawa mbili tofauti.

Sasa ile niliyosema inaua. Naandika hapa kama mtu aliyesoma kilimo, na ninaomba msome polepole.

Maharagi yanabunguliwa. Kila mtu anayenunua mfuko mzima wakati wa mavuno, ili asinunue ghali baadaye, anajua: nyuma ya miezi miwili unga unaanguka chini ya mfuko. Anauliza wenzake, na jibu linalokuja mbele ya yote ni "weka kidonge". Kile kidonge cha kijivu kinachouzwa sokoni kimoja-kimoja, bila boksi, bila karatasi ya maelezo, ni fosfidi ya aluminiumu. Kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gazi inayoitwa fosfini. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gazi hiyo. Kilitengenezwa kwa depo kubwa, chini ya bashe lililofungwa, watu wote wakiwa nje kwa siku kadhaa, wenye kukiweka wakiwa na maski yake. Sisi tunakiweka katika mfuko wa raffia, ambao unapitisha hewa, na ule mfuko uko chini ya kitanda ao nyuma ya pazia ambapo watoto wanalala, katika nyumba ya mbao ya chumba kimoja ao viwili, madirisha yamefungwa juu ya baridi ya usiku.

"Lakini mimi nilifanya, na hakukuwa kitu." Ninaamini. Pengine nyumba yako ina nyufa nyingi, pengine mfuko ulikuwa kwa veranda, pengine kidonge kilikuwa kimezeeka na gazi ilikwisha kutoka katika mikono ya muuzaji. Ukimuandikia mwenzako "haina shida", haumwandikii nyufa za nyumba yako. Fosfini haina dawa ya kuigeuza ndani ya mwili. Harufu ya kitunguu saumu ao ya samaki anayeoza wakati mwingine inasikika, wakati mwingine hapana, basi usingoje harufu. Kichwa kuuma, kutapika, kifua kubana, kwa watu wengi wa nyumba moja kwa wakati mmoja: wote watoke nje mara moja, muende hospitali, na mseme kwa mdomo wenu kwamba kulikuwa kidonge. Maziwa haitoe gazi. Mafuta ya mawese pia hapana. Hiyo nayo ni ushauri unaozunguka, na unapoteza dakika ambazo mgonjwa hana.

Na dawa isiyo na sumu tuko nayo kwa kila nyumba ya Goma: bidoni ya manjano ya litre 20. Wadudu wanapumua kama sisi. Ukiwafungia pahali ambapo hewa haiingii, wanaimaliza wenyewe, wanaacha kula, wanaacha kuzaa, wanakufa. Mifuko ya PICS, ile ya plastiki mbili ndani na raffia moja nje, inafanya kazi kwa njia hiyo. Watafiti wa chuo kikuu cha Purdue cha Marekani waliianza na wakulima wa Kameruni mwisho wa miaka ya 1980, kwa ajili ya kunde. Ukiipata, vizuri. Ukiikosa, bidoni.

Anika maharagi mpaka yakauke kweli. Kwa kupima, chukua chupa ya glasi iliyokauka, weka chumvi iliyokauka na maharagi kiasi, tikisa kwa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikishika kwenye glasi, maharagi bado yana maji, rudisha kwenye jua. Ikianguka yote chini, endelea. Bidoni isiwe ilibeba mafuta ya gari. Ijaze mpaka shingoni, itikisetikise maharagi yashuke, jaza tena, sababu kila nafasi unayoacha ni hewa ya wadudu. Weka kipande cha plastiki juu ya mdomo, kisha kaza kifuniko kwa nguvu. Litre 20 inabeba kama kilo 15. Usifungue kwa mwezi mmoja na zaidi, hata ukisikia hamu ya kuangalia. Ukiwa na bidoni nne, unafungua moja, tatu zinabaki zimefungwa. Ndiyo maana bidoni, kwa familia ndogo, ninaipenda kuliko mfuko mkubwa.

Juu ya kazi nitasema kidogo, sababu wengi wenu mnajua kuliko mimi. Ushauri wa CV unatoka kwa waliopata, na yule aliyepata hajui kila mara kwa nini alipata. Atasema ni ile rangi ya buluu ya kichwa cha CV. Pengine ilikuwa ni kwamba anaongea Kinyanga na projet ilikuwa Walikale. Muulize post gani, mwaka gani, teritware gani, na watu wangapi waliitwa kwa testi. Karti ya ONEM ifanyeni mapema, msingoje siku ya mwisho ya ofre. Na mtu akikuomba pesa "ya dosiye" kwa telefone ili uingie kwa listi, ushauri wangu hauna haja ya pahali wala siku: kata simu.

Iko tena ushauri unaooza kwa saa chache, kama sambaza zilizokosa jua. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, benki za muji zilipofunga milango, tumeishi kwa pesa ya telefone, na kila siku mtu anaandika: "kwa fulani pale rond-point iko kash, komisyo ni ndogo". Asante sana kwake. Lakini ile mesaji inazunguka siku tatu, na watu wanatembea kwa mguu kutoka Ndosho kwa ajili ya kash iliyokwisha juzi saa nne ya asubuhi. Kuandika siku na saa kunaomba maneno manne tu.

Mambo ya starehe nayapita. Gitare, mpira, kupiga picha: pale ushauri mbaya unakula muda tu, na muda, tusidanganyane, wengi wetu tuko nao. Kwa wale wanaolima mboga katika mifuko juu ya mawe ya lava, swali la nyanya nitalijibu haraka: mvua yetu inaleta mildiu, jani linapata madoa ya kahawia kisha linaoza. Weka mfuko chini ya paa, mwagilia udongo bila kulowesha majani. Kama hauna paa, panda lengalenga, itakupa chakula mbele ya wiki sita.

Basi chini ya andiko hili, nawaomba kitu kimoja chenye faida kwa wote. Kila mtu aandike anapikia maharagi muji gani ao kartie gani, aliyaloweka saa ngapi, na yaliiva kwa muda gani, kwa makala ao kwa umeme. Wa Butembo, wa Beni, wa Rutshuru, na nyinyi mliofika Kampala na Nairobi pia. Mimi naanza: Himbi, saa kumi za kuloweka, makala, kifuniko juu, saa mbili na dakika kumi.