Kadi ya Grafiki Inahitaji Kumbukumbu Kiasi Gani kwa Ajili ya Gemu?

Mtahiniwa, huenda usilikute swali hili kwenye karatasi ya mtihani likiwa limeandikwa hivi. Utakachokikuta ni vipande vyake: tofautisha kumbukumbu na hifadhi, kokotoa ukubwa wa picha kwa megabaiti, eleza kwa nini kompyuta hupungua kasi kumbukumbu inapojaa. Gemu inakusanya mambo hayo yote mahali pamoja, ndiyo maana tunaitumia hapa.

Kuna sababu nyingine. Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha alimaliza kidato cha nne, akafanya vibarua, akadunduliza fedha na kununua kompyuta ya mezani iliyokwishatumika. Muuzaji alimwambia, "Hii grafiki yake ni GB 4." Siku ya kwanza gemu ikawa inakwama kila gari linapokata kona. Kompyuta ilipofunguliwa haikuwa na kadi yoyote ya grafiki. Zile GB 4 zilikuwa nusu ya RAM ya kompyuta yenyewe, ambayo Windows huruhusu itumike kwa michoro. Namba ilikuwa ya kweli, ila mnunuzi hakujua aulize nini juu yake. Kwa hiyo mada hii ni ya alama za mtihani, na ni ya mfuko wako pia.

1. Maana ya kumbukumbu ya kadi ya grafiki

Kadi ya grafiki ni bodi inayochomekwa kwenye ubao mama. Ina prosesa yake maalumu ya kuchora picha, na ina kumbukumbu yake yenyewe iitwayo VRAM. Kama ilivyo RAM, kumbukumbu hii ni ya muda: umeme ukikatika, vilivyomo hupotea. Kompyuta nyingi za ofisini na za shuleni hazina kadi hiyo. Prosesa ya michoro imo ndani ya prosesa kuu, na hukopa sehemu ya RAM kufanyia kazi.

Mfikirie fundi cherehani. Vitambaa anavyoshona sasa viko mezani kwake, hiyo ndiyo VRAM. Vingine viko rafuni nyuma yake, hiyo ni RAM. Vilivyobaki viko dukani ng'ambo ya barabara, hiyo ni diski. Meza pana haimfanyi fundi ashone upesi zaidi. Lakini meza ikiwa finyu, kila mara atainuka kwenda rafuni, na cherehani itasimama akimsubiri.

Shika jambo hili, maana ndilo msingi wa mada nzima: wingi wa kumbukumbu hauongezi nguvu ya kadi, bali huizuia kadi isisimame kusubiri data.

2. Skrini yenyewe hula kumbukumbu kiasi gani?

Picha ya skrini imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Kanuni ni hii:

Ukubwa wa picha = pikseli za upana × pikseli za urefu × baiti kwa kila pikseli

Mfano wa 1. Skrini ina pikseli 1920 × 1080, na kila pikseli inatumia biti 32. Kokotoa ukubwa wa picha moja kwa MB.

Suluhisho:
Biti 32 ÷ 8 = baiti 4
1920 × 1080 = pikseli 2,073,600
2,073,600 × 4 = baiti 8,294,400
8,294,400 ÷ 1,048,576 = MB 7.91

Kumbuka kuwa MB 1 = KB 1,024 = baiti 1,048,576. Ukikokotoa kwa njia hiyohiyo skrini ya 3840 × 2160, maarufu kama 4K, utapata MB 31.64, yaani mara nne ya ile ya kwanza.

Hapa mtahiniwa makini atajiuliza: kama picha ya skrini ni MB 8 tu, kwa nini gemu zinadai GB 8? Ni kweli kwamba kadi hutunza picha zaidi ya moja. Moja inaonyeshwa huku nyingine ikichorwa, na kuna picha za kati zinazohifadhi vivuli, mwanga na umbali wa vitu. Hata hivyo zote hizo si mzigo mkubwa kuliko yote. Mzigo mkubwa uko kwenye teksicha.

3. Teksicha ndizo zinazojaza meza

Ukuta, gari au uso wa mchezaji ndani ya gemu ni umbo tupu lililovikwa picha. Picha hiyo ndiyo teksicha. Ukuta huvikwa picha ya matofali, uwanja huvikwa picha ya nyasi. Gemu moja ina teksicha nyingi sana, na zile za eneo ulilopo zinapaswa kuwa tayari ndani ya VRAM.

Mfano wa 2. Teksicha ina pikseli 4096 × 4096, kila pikseli baiti 4. Kokotoa ukubwa wake.

Suluhisho:
4096 × 4096 × 4 = baiti 67,108,864 = MB 64

Teksicha moja tu imekula mara nane ya picha ya skrini nzima! Kwa sababu hiyo watengenezaji wa gemu hubana data. Kuna njia ya kubana inayotumia baiti 1 badala ya 4 kwa kila pikseli, na hapo MB 64 hushuka hadi MB 16. Kisha huongezwa nakala ndogondogo za teksicha hiyohiyo kwa ajili ya vitu vilivyo mbali. Nakala hizo huongeza takribani theluthi moja, hivyo jumla huwa MB 21.3.

Sasa chukua teksicha 200 za aina hiyo: 21.33 × 200 = MB 4,266, yaani karibu GB 4.2. Kadi ya GB 4 imeshajaa kabla hatujahesabu kitu kingine. Ukishusha mpangilio wa teksicha kutoka 4096 hadi 2048 kila upande, kila teksicha inabaki robo, na jumla inakuwa karibu GB 1.04. Kupunguza upande kwa nusu kumeokoa robo tatu ya kumbukumbu. Mwenye kadi ndogo aanze kushusha hapo, kabla hajafikiria kununua kadi nyingine.

4. Kumbukumbu ikijaa hutokea nini?

Kadi ya RTX 3060 ya GB 12, iliyotoka mwaka 2021, husoma VRAM yake kwa kasi ya GB 360 kwa sekunde. Njia inayoiunganisha kadi hiyo na ubao mama hupitisha takribani GB 32 kwa sekunde. Gemu inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde ina sehemu moja ya sitini ya sekunde kuchora kila fremu. Linganisha:

Data kutoka VRAM kwa fremu moja: 360 ÷ 60 = GB 6
Data kupitia ubao mama kwa fremu moja: 32 ÷ 60 = GB 0.53

Tofauti ni zaidi ya mara kumi. VRAM ikijaa, data iliyokosa nafasi huwekwa kwenye RAM, na kila inapohitajika hupita njia hiyo nyembamba. Ndipo gemu inakwama ghafla unapogeuka au kuingia eneo jipya, kisha inaendelea vizuri, kisha inakwama tena. Gemu nyingine haikwami, bali hujishushia teksicha yenyewe, ukaona ukuta una ukungu.

Zingatia: gemu ikiwa nzito wakati wote, hata baada ya kushusha teksicha, tatizo huenda si VRAM. Yaelekea prosesa ya michoro yenyewe ni dhaifu.

5. Wingi si kasi

Mwaka 2017 ilitoka kadi ya GT 1030 yenye GB 2 za aina ya GDDR5. Mwaka 2018 likatoka toleo jingine la jina lilelile, nalo GB 2, lakini za aina ya DDR4. Kasi ya kumbukumbu hupatikana hivi:

Kasi = upana wa njia kwa biti × kasi ya kila biti ÷ 8

GDDR5: 64 × 6 ÷ 8 = GB 48 kwa sekunde
DDR4: 64 × 2.1 ÷ 8 = GB 16.8 kwa sekunde

Jina ni moja, GB ni zilezile, lakini kasi ya toleo la pili ni karibu theluthi ya lile la kwanza. Vivyo hivyo, RTX 3060 Ti ina GB 8 tu, nayo kwa gemu nyingi inaishinda RTX 3060 yenye GB 12, kwa kuwa prosesa yake ya michoro ina nguvu zaidi. GB 12 hufaa pale tu gemu inapohitaji zaidi ya GB 8.

6. Basi, kiasi gani kinatosha?

Jibu hutegemea gemu, skrini na mpangilio wa teksicha. Grand Theft Auto V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015 ilidai angalau GB 1 na kupendekeza GB 2. Mahitaji ya Cyberpunk 2077 yaliyotolewa upya mwaka 2023 yalitaja angalau GB 6, na yakapendekeza GB 8.

Sababu mojawapo ya ongezeko hili unaweza kuiona kwenye banda la gemu la mtaani kwako. PlayStation 3 ya mwaka 2006 ilikuwa na MB 256 za kumbukumbu kuu na MB 256 za michoro. PlayStation 4 ya mwaka 2013 ilikuja na GB 8, na PlayStation 5 ya mwaka 2020 ina GB 16, zote zikigawanywa kati ya prosesa kuu na michoro. Watengenezaji hujaza meza waliyopewa, na gemu hizohizo ndizo huletwa kwenye kompyuta.

Kwa kawaida makadirio haya yanafaa:
(a) Gemu za zamani na nyepesi, skrini ya 1920 × 1080: GB 2 hadi 4.
(b) Gemu mpya kwenye skrini hiyohiyo: GB 8.
(c) Gemu mpya kwenye skrini ya 2560 × 1440: GB 12.
(d) Gemu mpya kwenye 4K na teksicha za juu kabisa: GB 16.

Kabla ya kununua uliza mambo manne: Je, kadi ipo kweli, au michoro inakopa RAM? Ina VRAM kiasi gani? Ni ya aina gani? Prosesa ya michoro ni ipi?

7. Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama

(i) Kuita diski "kumbukumbu ya GB 500" katika swali linalouliza RAM. Diski ni hifadhi ya kudumu.
(ii) Kusahau kugawa biti kwa 8 ili kupata baiti.
(iii) Kuandika "kompyuta itakuwa na kasi zaidi" bila kutoa sababu. Andika: "data nyingi zaidi zitakaa karibu na prosesa, hivyo haitasubiri."

8. Maswali ya marudio

1. Skrini ya kompyuta ya mkononi ina pikseli 1366 × 768, kila pikseli biti 24. Kokotoa ukubwa wa picha moja kwa MB.
2. Kadi ina njia ya biti 128, na kila biti inasafiri kwa kasi ya gigabiti 17 kwa sekunde. Tafuta kasi ya kumbukumbu yake kwa GB kwa sekunde.
3. Asha ana kadi ya GB 4. Gemu yake inakwama kila anapoingia eneo jipya, kisha inaendelea vizuri. Eleza chanzo na umshauri hatua moja isiyo na gharama.

Majibu
1. 1366 × 768 × 3 = baiti 3,147,264; ÷ 1,048,576 = MB 3.00
2. 128 × 17 ÷ 8 = GB 272 kwa sekunde
3. VRAM imejaa, hivyo teksicha za eneo jipya zinapita kwenye ubao mama, ambako kasi ni ndogo. Ashushe mpangilio wa teksicha. Akipunguza kila upande kwa nusu, teksicha zitachukua robo tu ya nafasi ya awali.