Tope la Naivasha ni Maktaba

Wataalamu husafiri hadi ncha za dunia, wakachimba mashapo chini ya bahari ili wajue barafu ilivyoongezeka na kupungua zamani. Mwanafunzi wa Nakuru hana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Maktaba ya namna hiyo imo chini ya Ziwa Naivasha.

Mito huleta udongo ziwani, nao mwani mdogo mno uitwao dayatomu hufa na kutua chini. Magamba yake, mfano wa kioo, huweza kudumu maelfu ya miaka. Jiwe jeupe la Kariandusi, karibu na Gilgil, limefanyika kwa magamba kama hayo. Kwa kuwa ziko dayatomu zipendazo maji yenye chumvi na nyingine zisizoyapenda, kila tabaka la tope hueleza iwapo ziwa lilijaa au lilipungua.

Mwaka 2000 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha katika jarida la Nature historia ya miaka 1,100, waliyoisoma katika tope la shimo la volkeno la Crescent Island. Waligundua vipindi vitatu vya ukame: 1390 hadi 1420, 1560 hadi 1625, na 1760 hadi 1840. Vyote vilikuwa vikali kuliko ukame wowote ulioandikwa katika karne ya 20. Aidha, vinalingana na nyakati za njaa na uhamaji zinazotajwa katika simulizi za wazee wetu.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Tumezoea kulipima ziwa kwa umri wa mtu mmoja. Naivasha lilijaa katika miaka ya 1890, likashuka sana kufikia miaka ya 1940, na watu wakalima palipokuwa maji. Tangu 2010 maziwa yetu yamepanda: lango la zamani la Mbuga ya Nakuru likafunikwa, na familia za Kihoto, Naivasha, zikahama makwao. Tulishangaa, ilhali tope lilikuwa na habari hizo zamani: ziwa huondoka, na ziwa hurudi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Jiografia wawapeleke wanafunzi Kariandusi, wawafundishe kusoma tabaka kama wasomavyo kurasa. Wanafunzi hao ndio watakaogawa viwanja na kupanga maji ya miji kesho. Heri wajue mapema kwamba ufuo wa leo si mpaka wa ziwa.