Sikiliza Stata Kabla Hujanunua Betri

Leo tuweke jembe kando kidogo, tuzungumze juu ya kifaa kinachoweza kukuchelewesha msimu mzima: stata ya trekta.

Msimu mmoja nilikuta kikundi cha wakulima wamekaa chini ya mwembe, trekta lao haliwaki. Mvua ya kwanza imekwisha kunyesha, udongo uko tayari. Walikuwa wameuza magunia ya mahindi wakanunua betri mpya, na trekta bado lilikuwa kimya. Kumbe betri ya zamani haikuwa na kosa. Iliyokufa ni stata, nayo ilikuwa ikitoa dalili tangu wakati wa mavuno.

Je, stata inafanyaje kazi? Ni mota ya umeme. Ukizungusha ufunguo, umeme wa betri hupita kwenye solenoidi, yaani swichi kubwa iliyofungwa na stata. Solenoidi husukuma kigurudumu chenye meno, ambacho mafundi wanakiita bendeksi, kikamate meno ya gurudumu zito la injini. Hapo mota huzungusha injini mpaka iwake. Ndani ya mota mna vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme. Hivi huisha kidogo kidogo, kama soli ya kiatu.

Sasa fanya jaribio hili. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, washa taa kubwa. Mwambie mwenzako akae kwenye kiti azungushe ufunguo. Wewe simama pembeni, tazama taa na tega sikio.

Kwanza, ukisikia ta-ta-ta-ta ya haraka na taa zinafifia, usiilaumu stata. Betri haina nguvu, au vichwa vyake vimeshika kutu. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Safisha, paka grisi, halafu rudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Usivute sigara karibu na betri.

Pili, ukisikia mlio mmoja tu, "tak!", injini haizunguki na taa bado zinang'aa, hapo shaka iko kwenye stata. Huenda solenoidi imeungua ndani, au kaboni zimekwisha. Ikiwa stata hukubali baada ya kugongwa polepole, kaboni zinaaga. Usifanye kugonga kuwa dawa, mwite fundi.

Tatu, stata ikilia "vuuu" na injini imetulia, bendeksi haikamati. Ukisikia mkwaruzo wa chuma kwa chuma, meno yanalika. Acha mara moja, maana meno ya gurudumu la injini yakiharibika, gharama itapanda sana.

Nne, injini ikizunguka kwa uzito ingawa betri imejaa na waya zimekazwa, au ukisikia harufu ya kuungua, stata inakula umeme kupita kiasi. Usishikilie ufunguo zaidi ya sekunde 10 hivi. Pumzisha dakika 1 au 2 ndipo ujaribu tena.

Na kama hakuna mlio wowote? Hakikisha gia iko huru na klachi imekanyagwa, kwani matrekta mengi yana swichi ya usalama inayokata umeme. Kisha angalia fyuzi na waya.

Sasa nisikilize vizuri, ndugu yangu. Wapo wanaounganisha stata kwa bisibisi wakiwa wamesimama chini, kando ya tairi. Njia hii huikwepa ile swichi ya usalama. Trekta likiwa kwenye gia, litawaka na kuondoka papo hapo, na tairi la nyuma litakupanda kabla hujaruka. Watu wamekufa hivyo. Washa trekta ukiwa umekaa kwenye kiti, basi.

Dalili hizi hazianzi siku ya kulima. Fanya jaribio lako wakati wa kiangazi, fundi akiwa na nafasi. Mwulize kwanza kama stata inaweza kufunguliwa na kubadilishwa kaboni au bendeksi peke yake. Mara nyingi inawezekana, na ni nafuu kuliko stata mpya.

Basi ndugu mkulima, kesho asubuhi ukizungusha ufunguo, tega sikio. Mvua haimngoji fundi. Nakutakia kilimo chema.