Umefunga Geji ya Hewa na Petroli kwa Ndai? Cheki Kama Waya Zinakudanganya

Wasee wa Nax Vegas, tunajua vile mnapenda chuma. Subaru ya turbo, egzosi ya kuamsha mtaa, na siku hizi ile geji ya duara inang'aa kando ya usukani. Kwa picha inakaa fiti. Lakini hiyo geji si pambo. Ikifungwa vibaya inasoma uongo, na ukiiamini, ni injini italipa.

Inapima nini?

Inasoma moshi wa egzosi kujua hewa na petroli zimechanganyika vipi. Shika hii namba: 14.7. Ni kilo 14.7 za hewa kuchoma kilo 1 ya petroli yote. Ukienda polepole, geji inafaa icheze hapo. Ukikanyaga na turbo ipulize, ndai nyingi hupangwa zishuke hadi 11 hivi, juu petroli ya ziada inapoza silinda. Ukiona 14 na bado umekanyaga, toa mguu saa hiyo. Petroli haitoshi, joto linapanda, na pistoni inaweza kutoboka kabla usikie kitu. Pampu ya petroli iliyochoka inatosha kuleta hiyo noma.

Mbona huku kwetu ni muhimu?

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Presha ya hewa hapa iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu asilimia 20. Leta DX ya kabureta iliyopangwa pwani uone: moshi mweusi, plagi nyeusi. Panda nayo kutoka Salgaa hadi Mau Summit, kisha Timboroa kwenye mita zaidi ya 2,700, mambo yanazidi. Ndai za injekta hujirekebisha, lakini ukishabadilisha turbo au injekta bila kupanga kompyuta upya, unaendesha kwa kubahatisha.

Sasa, kazi yenyewe

1. Nunua ya waidibendi. Sensa ya kawaida inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7, haikuambii ni kwa kiasi gani.

2. Sensa ikae baada ya turbo, kabla ya katalisti, na iangalie juu kidogo ndiyo maji yasiingie ndani. Fundi akishachomelea, cheki kama egzosi inavuja. Tundu dogo kabla ya sensa linavuta hewa ya nje, na geji itakuambia petroli ni kidogo na si kweli.

3. Toa waya wa betri wa hasi kabla uguse kitu. Waya wa moto wa geji utoke mahali panapowaka na ufunguo, na upitie fyuzi. Pima na mita: ufunguo ukizimwa isome 0, ukiwashwa isome volti 12. Ukichukua moto moja kwa moja kwa betri, asubuhi utasukuma ndai.

4. Waya wa ardhi uende kwa chuma safi, kwaruza rangi kwanza. Usiushirikishe na amplifaya ya muziki, namba zitaanza kucheza na besi. Kama geji inatuma habari kwa kompyuta ya ndai, ardhi ya kompyuta na ya geji ziwe mahali pamoja.

5. Usikate plagi ya sensa. Zile za Bosch LSU 4.9 zina rizista ndani ya plagi, ukiikata unaharibu kipimo. Viungo vingine chomelea na risasi, sio kusokota na kufunga seloteipu. Pale waya unapopita kwa bati, weka raba, na uuweke mbali na egzosi.

Jaribu kabla uamini

Injini ikipata moto, ikiwa imesimama, geji isome karibu 14.7. Ukiwa kwa mteremko na gia ndani, toa mguu: injekta zinakata petroli, na namba lazima iruke juu kabisa. Isiporuka, rudi kwa waya.

Pia, usiendeshe sensa ikiwa ndani ya egzosi bila moto wa umeme. Inaharibika haraka. Geji ikizima, ichomoe na uzibe tundu.

Na msee, ukijaribu mbio, mwenye kusoma namba awe wa kiti cha kando. Wewe soma barabara.