Malezi ya Watoto Wachanga wa Nge Mfalme na Mama Yao katika Mazingira ya Kufugwa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua utunzaji wa nge mfalme (Pandinus imperator) na watoto wake wachanga anapofugwa nyumbani, tangu kuzaliwa hadi watoto wanapojitegemea. Hoja kuu ni kwamba katika kipindi hicho mlezi ni mama mwenyewe. Kazi ya mfugaji ni kulinda mazingira ya malezi hayo, si kuchukua nafasi ya mama.

1. Utangulizi

Nge mfalme ni nge mweusi wa Afrika Magharibi, anayepatikana katika nchi kama vile Ghana, Togo na Benin. Urefu wake huweza kufikia sentimita 20. Umbo lake kubwa na upole wake vimemfanya apendwe na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Biashara hiyo ilisababisha aingizwe mwaka 1995 katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Ipo imani kwamba watoto wa nge humla mama yao mgongoni hadi afe. Imani hiyo haina msingi, kwa kuwa watoto wachanga hawawezi kula chochote. Hatari iliyopo iko upande wa pili: mama aliyesumbuliwa, mwenye njaa au kiu, huweza kuwala watoto wake. Uelewa wa jambo hili ndio msingi wa utunzaji wote unaojadiliwa hapa.

2. Mimba na Maandalizi

Nge hawatagi mayai, bali huzaa. Kwa nge mfalme, viinitete hulishwa moja kwa moja na mwili wa mama, na mimba huweza kuchukua karibu mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo, mama anahitaji chakula cha kutosha muda mrefu kabla ya kuzaa. Tumbo linapotanuka kiasi cha kuonyesha utando mweupe kati ya mabamba ya ubavuni, inafaa ahamishiwe katika tangi lake peke yake. Kumhamisha baada ya kuzaa ni kumsumbua wakati usiofaa.

Tangi hilo liwe na udongo au makumbi ya nazi yaliyosagwa, yenye unyevu na kina cha kutosha kuchimba shimo, pamoja na gome la mti la kujifichia. Joto la nyuzi 25 hadi 29 za Selsiasi na unyevu wa hewa wa asilimia 75 hadi 80 hufaa. Udongo uwe na unyevu bila kutota, kwa kuwa maji yakizidi huleta ukungu na utitiri.

3. Watoto Wakiwa Mgongoni

Watoto, ambao kwa kawaida ni kati ya 10 na 35, huzaliwa mmojammoja wakiwa weupe na laini, kisha hupanda mgongoni mwa mama kupitia miguu yake. Katika hatua hii hawawezi kuwinda wala kudunga. Huishi kwa akiba iliyomo miilini mwao na kwa hifadhi ya mama hadi wanapojivua gamba mara ya kwanza, kwa kawaida baada ya wiki 2 hivi.

Katika wiki hizo, mambo matatu yanatosha: maji safi katika kisahani kifupi, giza na utulivu, na mdudu mmoja mdogo aliyekwisha kuuawa, awekwe karibu na shimo kwa ajili ya mama. Nyenje hai asiachwe humo, kwani humsumbua mama na huweza kuwatafuna watoto. Mabaki yaondolewe siku inayofuata. Kufunua gome kila siku ili kuhesabu watoto ni kosa, hata kama nia ni njema.

Mtoto akianguka, aachwe kwanza apande mwenyewe. Akishindwa, asukumwe polepole kwa brashi laini hadi karibu na miguu ya mama. Asishikwe kwa vidole wala koleo, kwa kuwa mwili wake ni laini mno.

4. Baada ya Kujivua Gamba Mara ya Kwanza

Baada ya kujivua gamba, watoto huanza kuwa na rangi nyeusi zaidi, hushuka na kurudi mgongoni, kisha hutawanyika. Sasa wanaweza kula. Dieter Mahsberg, katika utafiti wake wa mwaka 1990 kuhusu nge huyu, alionyesha kwamba uhusiano wa mama na watoto huendelea baada ya hatua hiyo. Matokeo hayo yanapinga desturi ya kuwatenganisha mara tu wanaposhuka. Maadamu chakula kinatosha na mama hawafukuzi, wanaweza kubaki pamoja. Dalili za kuwatenganisha ni mama kuwakamata au idadi yao kupungua.

Kila mtoto anayetengwa awekwe katika chombo kidogo chenye udongo wenye unyevu, na alishwe nyenje wachanga wasiomzidi ukubwa. Asipewe mdudu hai anapojivua gamba, kwa kuwa wakati huo hawezi kujitetea.

Maelezo haya hayafai kuhamishiwa kwa kila nge. Sumu ya nge mfalme kwa kawaida si kali kwa binadamu, ingawa mwenye mzio anaweza kudhurika. Katika jamii ya Buthidae wamo nge wanaoweza kuua.

5. Hitimisho

Kuzaliwa kwa watoto ndani ya tangi hakuthibitishi kwamba ufugaji umefanikiwa. Jike aliyekamatwa porini akiwa na mimba huzaa watoto waliotungwa porini, na kila jike wa namna hiyo anayeuzwa ni uzao uliopotea katika makazi yake ya asili. Ufugaji unaopunguza ukamataji ni ule unaowafikisha watoto hao utu uzima, jambo linalochukua miaka kadhaa, kisha nao wakazaa. Kwa hiyo, wiki mbili za kumwacha mama alee bila kuingiliwa zina uzito unaozidi mipaka ya tangi moja.