Amani Iliyoanzia Sokoni

Enyi mama zetu, tuitazame Wajir. Mapigano ya koo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalifika hadi sokoni. Wanawake wakakataa kuuziana bidhaa. Dekha Ibrahim Abdi na wenziwe wakawakutanisha wauzaji, wakaunda kamati ya kulisimamia soko. Kisha wakawaendea wazee, vijana na maafisa wa serikali. Mwaka 1993 wazee wakaafikiana katika Azimio la Al-Fatah.

Nasi mitaani mwetu tusingoje damu imwagike. Vijana wakianza kushikiana visu, polisi peke yao hawatoshi. Imamu, mwalimu, mzee wa mtaa na mzazi waketi mkeka mmoja, nao vijana wenyewe wasikizwe. Suratul Hujurat yatuamrisha kusuluhisha. Na mama asiachwe nje ya kikao.