Stetoskopu ya kwanza: mwanafunzi wa udaktari anunue ipi?

Mwezi wa Agosti vyuo vikuu vya Uganda hufungua mwaka mpya wa masomo, na safari za kwenda mashariki huanza. Kuna wanaokwenda Mbale, kwenye kitivo cha sayansi ya afya cha Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanza mwaka 2013 karibu na hospitali ya rufaa ya mkoa, au kwenye chuo cha maafisa tabibu katika mji huo huo. Wengine wanashukia Jinja, kwenye chuo cha uuguzi na ukunga. Awe ametoka Nakivale, Kyangwali au kijiji cha wenyeji kilicho jirani na makazi, kila mmoja ana orodha ya vifaa mkononi, na ndani yake kuna neno moja linalowanyima wazazi usingizi: stetoskopu, yaani kile chombo cha kusikilizia moyo na mapafu ambacho daktari hukitundika shingoni.

Baba mmoja alituuliza kama auze mbuzi wake wawili ili mtoto apate "ile ya madaktari wakubwa". Si swali dogo. Tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kugawa msaada kwa makundi kulingana na hali ya kaya, familia nyingi za wakimbizi zinapokea kidogo kuliko zamani, na nyingine hazipokei kabisa. Mbuzi wawili ni akiba ya nyumba. Jibu letu kwake: Mzee, usiuze mbuzi. Lakini usimnunulie pia ile ya bei ya chini kabisa.

Ni bomba la hewa tu

Mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec aliona haya kuweka sikio lake kwenye kifua cha mgonjwa mwanamke. Akakunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kifuani, na akasikia moyo vizuri kuliko alivyosikia kwa sikio tupu. Stetoskopu ya leo inafanya kazi ile ile: sauti inasafiri katika hewa iliyofungiwa ndani ya mrija mpaka masikioni. Kwa hiyo adui wake wa kwanza ni hewa inayovuja. Kama kizibo cha sikio hakikai sawasawa, au kiwambo kimelegea, hata chombo cha bei ya juu hakitasikia kitu.

Kichwa cha stetoskopu nzuri kina pande mbili. Upande mpana wenye kiwambo cha plastiki unakamata sauti nyembamba, kama vile pumzi na michakato ya mapafu ya mtu mwenye nimonia. Upande mdogo ulio kama kikombe, unaoitwa kengele, unakamata sauti nzito za chini. Zipo pia zenye upande mmoja unaofanya kazi zote mbili: ukigusisha kidogo unasikia sauti nzito, ukikandamiza unasikia nyembamba.

Wanunuzi wengi hawaijali kengele, nasi tunadhani hapo wanakosea. Uganda bado ina ugonjwa wa moyo unaoanza na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa utotoni. Ugonjwa huo unapoifanya vali ya moyo kuwa nyembamba, mngurumo wake ni mzito na wa chini sana, na husikika vizuri zaidi kwa kengele iliyowekwa kifuani bila kukandamizwa. Mashine za kupiga picha ya moyo hazipatikani katika kila kituo cha afya. Mara nyingi sikio la mhudumu ndilo linaloamua kama msichana wa miaka 14 anayechoka haraka atarudishwa nyumbani na dawa za minyoo au atapelekwa hospitali kubwa.

Bei na sauti si kitu kimoja

Stetoskopu nyepesi inayouzwa pamoja na mashine ya presha inatosha kupima presha. Kwa moyo na mapafu ni dhaifu, hasa wodini ambako watoto wanalia na mlango haufungwi. Nyingine inayovutia macho ni ile yenye mirija miwili sambamba na vipuri vingi kwenye boksi. Mirija hiyo ikigusana inakwaruzana, na mwanafunzi mgeni anaweza kudhani mkwaruzo huo unatoka kwenye mapafu ya mgonjwa.

Inayofaa ni ya katikati: kichwa cha chuma chenye uzito kidogo, pande mbili, mrija mmoja mnene, na vizibo laini vya masikio. Jina linalotajwa zaidi ni Littmann, kutokana na David Littmann, daktari wa moyo wa Marekani, ambaye kampuni yake ilinunuliwa na 3M mwaka 1967. Modeli yake ya Classic huuzwa Marekani kwa takriban dola 100, na ile ya wataalamu wa moyo hukaribia mara mbili ya hapo. Hiyo ya pili ni nzuri kweli, lakini sikio la mwaka wa kwanza bado halijui kuitumia. Masomo ya udaktari ni ya miaka 5, na ya mwanzo huwa zaidi darasani na maabara. Hakuna haraka.

Wala si lazima iwe Littmann. Daktari Tarek Loubani na wenzake katika mradi wa Glia, waliofanya kazi Gaza wakati vifaa vilikuwa haviingii, walitengeneza stetoskopu ya plastiki kwa mashine ya kuchapisha vitu, kwa gharama ya dola chache tu. Mwaka 2018 walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba inapitisha sauti kwa kiwango sawa na modeli ya Littmann ya wataalamu wa moyo.

Jina kubwa lina hatari nyingine: bandia. Ukiuziwa Littmann mpya kwa bei ya stetoskopu ya presha, shuku. Classic halisi ina namba yake ya pekee iliyochongwa kwenye chuma cha kichwa. Kwa maoni yetu ni heri chombo cha kampuni isiyojulikana kilichotengenezwa vizuri kuliko jina maarufu la uongo. Na usidharau mtumba: mwanafunzi anayemaliza anaweza kukuuzia yake kwa bei nafuu. Kunja mrija taratibu uone kama umekauka au una nyufa. Vizibo na kiwambo hubadilishwa, mrija uliopasuka ni shida.

Ijaribu kabla ya kulipa

Vaa vizibo vikielekea mbele, upande wa pua, kwa sababu tundu la sikio limeinamia mbele. Ukivaa kinyume, sauti inafifia. Kisha gonga kiwambo polepole kwa ncha ya kidole. Ukisikia kimya, usikimbilie kusema ni mbovu: zungusha kichwa mpaka kilie "ta", kwa kuwa upande mmoja tu ndio huwa wazi kwa wakati mmoja. Weka chini ya titi la kushoto usikilize moyo wako, halafu umwombe mwenzako avute pumzi usikilize mgongo wake. Fanya hivyo dukani hapo hapo, boda boda zikipita nje. Wodi nayo ina kelele. Kama vizibo vinauma baada ya dakika mbili, vitauma zaidi baada ya saa sita.

Kwa kuwa wagonjwa wengi utakaowaona ni watoto, kama wale wa hospitali ya watoto ya Nalufenya huko Jinja, ni vizuri upande mdogo uwe na kiwambo cha watoto kinachoweza kutolewa ukageuka kengele.

Fedha inayobaki inunue saa yenye mshale wa sekunde. Nimonia ya mtoto hushukiwa kwanza kwa kuhesabu pumzi dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ndizo huitwa pumzi za haraka. Kazi hiyo haihitaji stetoskopu yoyote. Kwa binti anayekwenda kusomea ukunga, ile pembe fupi ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni ni muhimu kuliko stetoskopu ya kifahari, nayo haitumii betri.

Kama unasoma kwa ufadhili, kwa mfano wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR tangu 1992, uliza kwanza ni vifaa gani vinalipiwa, na ununue baada ya jibu. Omba risiti.

Mwaka 2014 watafiti wa Geneva waligundua kwamba baada ya kumpima mgonjwa, kiwambo hubeba vijidudu vingi kuliko sehemu zote za mkono wa daktari isipokuwa ncha za vidole. Kipanguse kwa spiriti kila baada ya mgonjwa, lakini usiizamishe stetoskopu ndani ya maji. Usiiache juani wala chini ya bati lenye joto, kwani mrija hukauka. Na kabla ya kuingia wodini siku ya kwanza, andika jina lako juu yake, maana nyeusi zote zinafanana.